Mgeni Mpe Jembe: Nani Atalilinda Bwawa la Mindu?

Msafiri apandaye treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, treni iliyoanza kuchukua abiria mwezi wa Juni 2024, hupita katika stesheni iitwayo Ngerengere. Treni husimama kitambo kidogo, wachache hushuka, wachache hupanda, na safari huendelea. Si wengi miongoni mwa abiria hao wakumbukao kwamba jina walisomalo ubaoni ni jina la mto. Na wachache zaidi hufikiri kwamba maji waliyooga alfajiri ile mjini, sehemu yake yalitoka katika mto huo huo.

Mto Ngerengere huzaliwa katika milima ya Uluguru. Hukusanya maji ya upande wa magharibi wa milima hiyo, hutuama katika Bwawa la Mindu karibu na barabara kuu iendayo Iringa, kisha hupita kando ya mji wa Morogoro na kushika njia ya mashariki katika nchi tambarare. Huko huuachia mji mdogo wa Ngerengere jina lake, na mwisho huingia katika mto Ruvu. Nao Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam tangu mtambo wa Ruvu Juu ulipojengwa mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976. Kwa hiyo habari tutakayoizungumza leo si ya Waluguru peke yao, wala si ya wenyeji wa Morogoro peke yao. Mfanyakazi wa kiwandani Ubungo na mchukuzi wa bandarini Kurasini nao wamo ndani yake, wapende wasipende.

Habari yenyewe ni hii: Bwawa la Mindu linajaa udongo. Wageni wamekuja kutusaidia, na vijana wetu wameitwa kulinusuru. Twauliza: je, tumewaita vijana hao kama wenye mali, au kama vibarua wa siku moja?

UDONGO NA UKUTA

Bwawa la Mindu lilikamilika katika miaka ya 1980, wakati Morogoro ilipokuwa inajengwa kuwa mji wa viwanda. Lilikusudiwa kuvipa maji viwanda na mji pia. Leo sehemu kubwa ya maji ya mabomba ya Morogoro hutoka humo. Mwaka 2012 Manispaa ya Morogoro ilihesabiwa kuwa na watu 315,866. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa wamefika 471,409. Watu wameongezeka kwa nusu nzima katika miaka 10, na kila mmoja wao ana ndoo yake.

Walakini ndoo kubwa ya watu wote, yaani bwawa lenyewe, inapungua ndani. Kisa chake hakihitaji mtaalamu wa kukieleza. Mkulima huchoma majani ya shamba lake mlimani kabla ya mvua. Mvua ya kwanza huikuta ardhi uchi, ikauchukua udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba. Mto unaoshuka kwa kasi huweza kuuchukua udongo huo mbali sana; lakini mto huo uingiapo bwawani hupunguza mwendo, na maji yaliyopunguza mwendo hayawezi tena kubeba mzigo. Udongo hushuka chini na kukaa. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nao walikuwa wakiisifu akiba. Hapa haba na haba inajaza kibaba kile tusichotaka kijae. Kila tabaka la matope lichukualo nafasi chini, maji yamepoteza nafasi hiyo. Zaidi ya hayo, maji ya kina kifupi yaliyotandaa juani hukauka upesi, na maji yenye tope hutaka dawa nyingi zaidi kabla hayajanyweka.

Nchi imetafuta dawa. Serikali imekopa kwa Shirika la Maendeleo la Ufaransa fedha za kupanua huduma ya maji ya Morogoro, na katika kazi zilizopangwa imo ile ya kuuinua ukuta wa Mindu ili bwawa lichukue maji mengi zaidi. Hatuna neno na kazi hiyo. Mji wenye kiu haungoji falsafa. Lakini tusijidanganye. Ukuta ukiinuliwa, tumejipatia miaka, udongo hatujauzuia. Methali yetu yasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa haumo katika ukuta wa bwawa. Umo juu mlimani, katika kila shamba la mteremko lisilo na kinga. Tusipouziba, wajukuu zetu watarudi kukopa fedha nyingine za kuuinua ukuta ule ule, huku deni la kwanza likiwa bado linalipwa.

WAGENI WALIOPITA

Bonde hili la Ngerengere limewaona wageni wengi wenye mikono iliyojaa. Palikuwapo kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutengeneza viatu jozi milioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa yake iuzwe Ulaya. Hakikupata kufikia hata sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Mitambo ilikuwa mipya na karatasi za mpango zilikuwa safi. Kilichokosekana ni watu wa mahali pale kuulizwa kama ngozi ipo, kama fundi wa kuitengeneza mashine yupo, na kama mnunuzi wa Ulaya anavitaka viatu hivyo. Kiwanda kikafa, bwawa likabaki. Twaona lilibaki kwa sababu kiu ya watu haikuletwa na mgeni. Ilikuwapo tangu mwanzo.

Wananchi wa nchi hii walionywa mapema juu ya jambo hili. Mwaka 1965, tulipovunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, mkopo wa paundi milioni 7.5 ulizuiliwa. Mwaka huo huo ugomvi juu ya ubalozi mdogo wa Ujerumani ya Mashariki ulitupotezea msaada wa Ujerumani ya Magharibi. Miaka miwili baadaye Azimio la Arusha likaeleza wazi kwamba fedha ni matunda ya kazi na si msingi wa maendeleo, na kwamba taifa linalotegemea zawadi na mikopo ya wengine kwa maendeleo yake haliwezi kuwa huru kweli. Wako waliodhani kwamba maneno hayo yamechakaa. Mwaka 2025 Marekani ilivunja shirika lake la misaada, USAID, kwa uamuzi wa miezi michache tu, na kazi zilizokuwa zikilitegemea katika nchi nyingi za Afrika zikasimama ghafla. Aliyekuwa na jembe lake aliendelea kulima; asiyekuwa nalo alibaki akitazama barabara.

Hatusemi misaada ikataliwe. Mwenye kiburi cha kukataa maji akiwa na kiu hasifiwi. Mila yetu yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake mgeni akae, ale, aheshimiwe. Lakini shamba ni la mwenyeji, na mgeni hulima pale mwenyeji anapomwonyesha. Taabu yetu ni kwamba mara nyingi tumeugeuza mwenendo huo. Tumemwachia mgeni aonyeshe shamba, nasi tukapewa jembe.

MATUTA YA MWAKA 1955

Waluguru wana kumbukumbu yao juu ya jambo hili, nayo ni kali. Tangu mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliendesha katika milima hiyo mpango wa kuhifadhi udongo. Hofu yake haikuwa ya uongo: udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, na mito iliyokuwa ikihofiwa ndiyo hii tuihofiayo sisi leo. Dawa iliyoagizwa ilikuwa matuta ya ngazi, yaani mlima uchongwe vidato kama ngazi ya nyumba. Kila mlipa kodi akatakiwa kuchimba sehemu yake, na aliyekaidi akapelekwa barazani kutozwa faini.

Wazee walisema mapema kwamba katika sehemu nyingi udongo mzuri wa Uluguru ni mwembamba. Ukichimba ngazi ndefu unauzika udongo mwema na kuufukua ule mbaya wa chini, na mahindi hayaoti. Hawakusikilizwa. Bwana Shamba alikuwa na kitabu, nao walikuwa na mikono tu. Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kuyakataa matuta hayo. Askari wakatumwa, mawe yakarushwa, risasi zikapigwa, na mtu mmoja akafa. Serikali ikakilaumu chama cha TANU, kilichokuwa kimetimiza mwaka mmoja tu tangu kuzaliwa, kana kwamba mkulima hawezi kuona mwenyewe kuwa shamba lake limeharibika mpaka aambiwe na mwanasiasa. Haukupita muda mpango ule ukaachwa.

Yafaa tulitazame jambo moja. Huko Mgeta, ambako watu hulima mboga za kuuza, kilimo cha ngazi hakikuwa kigeni, nacho hakikufa. Ngazi iliyomwonyesha mkulima faida aliitunza bila askari. Basi Mluguru hakuwa adui wa matuta. Alikuwa adui wa kuchimbishwa matuta katika ardhi yake, kwa faini, bila kuulizwa na bila kupata kitu.

KIBUNGO, NUSU KARNE BAADAYE

Ushahidi wa maneno hayo ulipatikana upande wa pili wa milima hiyo hiyo, katika vijiji vya Kibungo Juu, ambavyo maji yake huingia Ruvu. Tangu mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF, yakisaidiwa na fedha za kigeni, yalileta mpango wa namna nyingine. Walisema hivi: mkulima wa mlimani akiuzuia udongo, mtu wa bondeni hupata maji safi, basi mtu wa bondeni na amlipe. Wanunuzi wawili walipatikana: DAWASCO, lililokuwa shirika la maji la Dar es Salaam wakati huo, na kampuni ya Coca-Cola Kwanza, ambayo haiwezi kuuza soda bila maji. Wakulima walipewa njia kadhaa za kuchagua: kuchimba ngazi, kupanda miti katikati ya mazao, kuacha ukanda wa majani, au kuirudishia misitu sehemu iliyo mbaya kabisa. Kila njia ilikuwa na malipo yake, na kila mkulima alifanya mapatano kwa shamba lake.

Nao wakachimba. Wajukuu wa watu waliorusha mawe kwa ajili ya matuta walichimba matuta kwa mikono yao wenyewe, bila kusukumwa na tarishi wala kuitwa barazani. Mteremko ulikuwa ule ule, na mvua ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mkulima aliulizwa, alichagua, na alilipwa.

Mpango huo nao ulikuwa na ugonjwa wake, na si haki kuuficha. Wanunuzi walikuwa wawili tu, na mradi ulikuwa na tarehe ya kwisha, kama miradi yote. Mlima hauna tarehe ya kwisha. Kazi ya kuzuia udongo ni ya kila msimu. Malipo yake yakitegemea mfuko wa mgeni, siku mfuko ukifungwa na kazi imefungwa. Somo la Kibungo kwa hiyo lina sehemu mbili: mlipe anayeulinda mlima; na fedha za kumlipa zitoke mahali pasipokwisha.

VIJANA WA KANDO YA BWAWA

Sasa tuje kwa vijana. Kila mwaka tarehe 5 Juni huadhimishwa Siku ya Mazingira Duniani. Huonekana mahema, vipaza sauti, fulana mpya na vijana waliopangwa mistari. Kiongozi hupanda mche, mgeni hupanda mche, picha hupigwa. Nasi tulikwisha kusimama katika mistari ya namna hiyo na kupiga makofi, kwa hiyo twasema kwa kujilaumu wenyewe kwanza. Kwa maana kila mkulima wa Morogoro ajua kwamba mwezi wa Juni masika yamekwisha kupita. Mche uliopandwa siku hiyo hukutana na kiangazi kabla haujashika mizizi, na asiyekuwapo mtu wa kuumwagilia, hufa kabla ya vuli. Kalenda ya dunia haikutungwa kwa kutazama mvua za Uluguru. Kijana aliyeuchimbia shimo mche huo alijua hayo. Lakini hakuna aliyemwuliza.

Kijana huyo ni nani siku nyingine za mwaka? Mara nyingi ndiye yule yule alimaye mchicha na nyanya kando ya maji, au afyatuaye matofali katika udongo wa mtoni, au achotaye mchanga, au avuaye samaki bwawani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Sheria hiyo ni njema, nasi hatutamtetea anayelima mpaka kwenye maji. Lakini tufikiri sawasawa: leo kijana huyu aitwa mlinzi wa mazingira na kuvishwa fulana, kesho aitwa mharibifu wa mazingira na kung'olewa mchicha wake. Ni mtu mmoja. Hakuna aliyekaa naye kumwambia: ondoka hapa ukingoni, na kazi yako mpya ni hii, na malipo yake ni haya.

Kupanda juu mlimani nako hakumwokoi. Katika desturi ya Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Asiye wa ukoo huo, au aliye na watu wengi na ardhi kidogo, huazima shamba. Zamani mwazimaji alitoa ngoto, yaani kitu cha kuonyesha kwamba amkubali mwenye ardhi. Mwazimaji huruhusiwa kupanda mahindi na maharage. Mti wa kudumu ni shauri jingine, kwa kuwa mti ni shahidi. Anayepanda mwembe anadai shamba. Hivyo kijana aliyeazima mteremko, ajapo na mche wa bure aliopewa mkutanoni, huambiwa na mwenye ardhi aurudishe ulikotoka. Mtaalamu kutoka mbali huandika katika taarifa yake kwamba vijana hawana mwamko. Mwamko wanao. Hawana ardhi.

LA KUFANYA

Kwanza, fedha za kulinda mlima zitoke katika maji yenyewe. Kila anayelipa ankara ya maji Morogoro na Dar es Salaam anakunywa kazi ya mtu wa mlimani. Sehemu ndogo ya ankara hiyo, ikiwekwa katika mfuko unaojulikana na kukaguliwa hadharani, yaweza kuwalipa vijana wanaochimba ngazi, wanaotunza vitalu vya miche na wanaozuia moto. Mfanyakazi atanung'unika mwanzoni. Lakini akumbuke Oktoba 2022, Ruvu ilipopungua na maji yakagawiwa kwa zamu Dar es Salaam, jinsi ndoo moja ilivyokuwa ghali.

Pili, wazee wa koo na serikali za vijiji waandike mapatano ya uazimaji. Mwazimaji apande miti kwa faida ya wote wawili, akipata matunda na kuni kwa miaka iliyotajwa, na mwenye ardhi asipoteze ardhi yake. Karatasi moja yenye mashahidi yaweza kuotesha miti mingi kuliko mahema ya sherehe.

Tatu, vijana wawe na viti katika jumuiya za watumia maji, ambazo sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 imeziruhusu. Wawe na viti vya kupiga kura, wasiitwe kubeba viti vya wengine. Na ile sehemu ya mapato ya halmashauri iliyotengwa kisheria kukopesha vijana, wanawake na wenye ulemavu bila riba, ielekezwe pia kwa vikundi vya vitalu na ufugaji nyuki mlimani, ili kijana aondokaye ukingoni mwa maji awe na pa kwenda.

Nne, wageni waje. Waje na vipimo vyao, kwa kuwa tunahitaji kujua kila mwaka ni udongo kiasi gani ulioingia Mindu; waje na tingatinga zao na elimu yao. Ila mapatano yaseme wazi ni nani atakayeendelea na kazi siku ya pili baada ya wao kuondoka, na mshahara wake utatoka wapi. Mpango usioweza kujibu swali hilo hatuna haja nao, hata ukija na magari mapya.

Hatuandiki hayo kama ndoto. Taifa hili limeonyesha kwamba laweza kufanya kazi kubwa kwa nguvu zake. Bwawa la Kidunda juu ya mto Ruvu, litakalochukua mita za ujazo milioni 190, ambalo mkataba wa kulijenga ulitiwa saini mwaka 2022, fedha zake zilitolewa na serikali yenyewe. Ikiwa twaweza kujilipia ukuta wa Kidunda, twawezaje kushindwa kumlipa kijana wa Mlali achimbe ngazi? Na tukishindwa, hata Kidunda itajaa udongo, maana mlima ni ule ule.

Ndugu wasomaji, mwaka 1955 mtawala alikuwa na fedha, na elimu, na askari. Akakosa ridhaa ya watu, na matuta yake yakabomoka. Sisi tuna ridhaa tukiitafuta. Vijana wako tayari. Kila siku tunawaona wakibeba ndoo kutoka mtoni kwenda kumwagilia mchicha, kazi ngumu kuliko kupanda mti. Mvua za vuli zitakapokaribia, kabla moto haujawashwa mashambani, viongozi wa Morogoro wapande Uluguru wakakae na vijana hao na wazee wa koo, wakiwa na karatasi ya mapatano mkononi. Fulana zibaki mjini.